Mgongo wa Tiger Woods na viuno vyetu vya Jumamosi

Jumapili ya Agosti 25, 2013, kwenye uwanja wa Liberty National huko New Jersey, mcheza gofu wa Marekani Tiger Woods alikuwa akiuwinda ubingwa wa mashindano ya The Barclays. Katika shimo la 13 alipiga mkwaju wake wa pili, mpira ukapinda kushoto ukatumbukia majini, na mpigaji mwenyewe akaanguka kwa magoti na viganja kwenye nyasi. Alibaki vile kwa muda, uso ukitazama ardhi, kisha akajikongoja kuinuka na kumaliza raundi. Adam Scott alitwaa kombe kwa tofauti ya mkwaju mmoja tu. Siku chache kabla ya hapo Woods alikuwa ameeleza kwamba mgongo umekaza kwa sababu ya kitanda laini mno cha hotelini.

Kitanda kile kilisingiziwa. Machi 31, 2014, Woods alipasuliwa mgongo huko Park City, Utah, na mwaka huo akayakosa mashindano makubwa ya Masters kwa mara ya kwanza tangu aanze kuyacheza mwaka 1995. Alikuwa na miaka 38. Kufikia Oktoba 2025 mgongo huohuo ulikuwa umepasuliwa mara saba.

Katika klabu zetu, kuanzia Gymkhana ya Dar es Salaam na Lugalo hadi Muthaiga na Nyali, wapo watu ambao kila mmoja ana kitanda chake cha kusingizia. Ni mameneja, mawakili, maofisa wastaafu, wafanyabiashara wenye ratiba ngumu. Wakifika shimo la 14 utawaona wameshika kiuno kwa mkono mmoja, na katika mfuko wa pembeni wa begi la fimbo, pale zinapokaa tii na glavu, kuna tyubu ya dawa ya kuchua. Ukiwauliza watakwambia ni baridi, ni godoro, ni umri. Ni wachache watakaokwambia kuwa ni swingi, yaani namna wanavyoizungusha fimbo.

Kwa asiyecheza, gofu ni mchezo wa kutembea na kupiga soga. Hakuna anayemkaba mwenzake wala kumkimbiza. Lakini hebu tuutazame mkwaju wenyewe. Tangu fimbo inapoanza kurudi nyuma hadi inapougusa mpira, muda unaopita ni kama sekunde moja hivi, na katika muda huo, safari ya kushuka kutoka juu hadi kwenye mpira huchukua takriban robo ya sekunde. Kichwa cha draiva mikononi mwa mchezaji wa kulipwa hupita kwenye mpira kwa kasi ya kilomita 180 kwa saa na zaidi. Nguvu hiyo inaanzia ardhini, inapanda miguuni, inapita nyongani na kiunoni ndipo ifike mabegani na mikononi. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Timothy Hosea walichapisha vipimo vya mzigo unaokandamiza kiuno wakati wa swingi, wakakuta unafikia kama mara nane ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 80, hizo ni zaidi ya kilo 600 kwenye eneo lisilozidi upana wa kiganja. Kukimbia, ambako sote tunakujua kuwa kunachosha viungo, huleta kama mara tatu tu.

Watafiti hao walipima wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, na wa ridhaa ndio waliojiumiza zaidi kwa namna mbili: kiuno chao kilipinda sana upande, na pingili zao zilisukumwa kuteleza moja juu ya nyingine kwa nguvu kubwa kuliko za mabingwa. Kwa maneno mengine, yule anayepiga mita 180 huenda anauadhibu mgongo wake kuliko anayepiga mita 280.

Kisa chake kimo katika maumbile. Kiuno kina pingili tano, nazo viungo vyake vya nyuma vimesimama wima kama milango miwili inayotazamana, hivyo vinaruhusu kuinama na kunyooka lakini vinakatalia kuzunguka. Kila pingili ya kiuno huzunguka nyuzi moja hadi tatu. Jumlisha zote tano, hupati zaidi ya nyuzi 15 hivi. Sasa mchezaji anayerudisha fimbo nyuma vizuri huwa amegeuza mabega kiasi cha nyuzi 90. Zilizobaki zimetoka wapi? Zinapaswa kutoka juu na chini ya kiuno: juu ni pingili 12 za mgongo wa kifuani, ambazo zimeumbwa kuzunguka, na chini ni nyonga mbili, ambazo nazo zimeumbwa kuzunguka. Kifua kikiwa kimekaza kwa kuinamia kompyuta na nyonga zikiwa zimekaza kwa kukalia kiti, mpira bado uko pale kwenye tii na mwenyewe bado anataka kuupiga. Basi kiuno kitadaiwa nyuzi ambazo hakina.

Kati ya pingili na pingili kuna kitakia cha gegedu ambacho hospitalini hukiita diski. Katikati kina ute mzito, na kuuzunguka ute huo kuna matabaka ya nyuzinyuzi zilizopishana, tabaka hili zikielekea kulia na tabaka linalofuata zikielekea kushoto. Aliyewahi kukamua tui kwa kifumbu anaijua kazi hiyo: ukikisokota huku ukikikandamiza, nyuzi za upande mmoja hukazika kweli na za upande wa pili hulegea, na kinachokaa ndani hutafuta pa kutokea. Diski ikisokotwa, nusu tu ya nyuzinyuzi zake ndizo zinazobeba kazi. Ikisokotwa na kukandamizwa na kupindwa upande kwa pamoja, mara mamia kwa wiki, kwa miaka, huanza kuchanika kidogokidogo. Tena diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya kuilisha moja kwa moja. Hupata chakula chake kwa kunyonya maji ya mwilini taratibu kadiri tunavyosogea, na ndiyo maana hupona polepole mno. Ute ukipenya nje na kuigusa neva inayoteremka mguuni, maumivu hayakai tena kiunoni. Yanashuka kwenye tako, nyuma ya paja, hadi kwenye vidole.

Kizazi cha zamani kilikuwa na njia yake ya kukwepa deni hilo, hata kama hakikuwa na daktari wa kukieleza. Tazama picha za Sam Snead. Akirudisha fimbo nyuma, kisigino cha mguu wake wa mbele kiliinuka, nyonga zikageuka kwa uhuru, mabega yakafuata. Snead alishinda mashindano ya Greensboro mwaka 1965 akiwa na miaka 52, na idadi ya mashindano aliyoshinda, 82, ilikaa peke yake hadi Woods alipoifikia mwaka 2019. Jack Nicklaus naye aliinua kisigino na kugeuza nyonga mno, akashinda Masters ya mwaka 1986 akiwa na miaka 46.

Mwaka 1992 mwalimu wa Kimarekani Jim McLean aliandika kwamba siri ya umbali ni tofauti ya nyuzi kati ya mabega na nyonga: zuia nyonga, geuza mabega, tofauti ikiwa kubwa mpira utakwenda mbali. Somo hilo lilienea kama moto wa kiangazi. Kisigino kikabandikwa chini, goti la nyuma likakazwa, na nafasi iliyokuwa ya nyonga akapewa nani? Kiuno. Mwaka 2019 madaktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu kutoka Phoenix, Arizona, waliandika katika jarida lao la kitabibu kwamba swingi ya kisasa, kwa mzigo wake mkubwa unaojirudia, huenda ndiyo inayowazeesha diski wachezaji wa leo mapema, na wakamtaja Woods kuwa mfano. Walithubutu hata kuiita gofu mchezo wa kugongana.

Mimi nawaelewa, ila sitaki kuwapa ushindi wote. Nicklaus mwenyewe hakutoka salama: mgongo ulimsumbua kwa vipindi, na mwaka 1999 aliwekewa nyonga ya bandia upande wa kushoto, ule ule uliopokea uzito wa kila mkwaju wake. Namna yake ya kumalizia swingi, mgongo ukiwa umepinda kwenda nyuma kama upinde, leo hakuna mwalimu makini angemfundisha mtoto. Na Woods hakuvunjwa na kitabu cha mwalimu yeyote. Alianza kushika fimbo kabla hajatimiza miaka miwili, alipiga mipira mingi mno, alinyanyua vyuma na kukimbia masafa marefu, na goti lake la kushoto lilishapasuliwa zaidi ya mara moja kabla mgongo haujaanza kelele. Juni 2008 alishinda US Open pale Torrey Pines akiwa na mfupa wa mguu wa kushoto uliopata nyufa. Mguu wa mbele ndio unaopaswa kuwa nguzo ambayo nyonga inazungukia mwishoni mwa swingi. Nguzo ikiuma, mwili hutafuta pengine pa kuzungukia.

Februari 2015 alijitoa katika mashindano hapo hapo Torrey Pines baada ya mashimo 11. Asubuhi ilikuwa ya ukungu, mchezo ukasimama, wachezaji wakasubiri kwenye baridi, na Woods akaeleza kuwa misuli ya makalio iligoma kufanya kazi. Watu walimcheka. Wataalamu wa fiziotherapia hawakucheka. Misuli ya makalio ndiyo injini ya nyonga, na ikizembea, kazi yake hufanywa na misuli midogo iliyopakana na uti wa mgongo, ambayo haikuumbwa kusukuma bali kushikilia.

Mwaka huo wa 2015 alipasuliwa tena mara mbili, Septemba na Oktoba. Mwishoni mwa mwaka alilisimulia jarida la Time kwamba siku moja alikuwa akijifua nyuma ya nyumba yake, akaanguka, na kwa kuwa hakuwa na simu alilala pale pale hadi binti yake mdogo alipomkuta na kumuuliza anafanya nini chini. Mwaka 2017, baada ya kujitoa Dubai mnamo Februari kwa maumivu, ilimlazimu adungwe sindano ya kuziba neva ili aweze kuketi kwenye chakula cha jioni cha mabingwa wa Masters. Mtu aliyekuwa amelivaa koti la kijani la ubingwa huo mara nne alihitaji ganzi ili akae kwenye kiti.

Aprili ya mwaka huo huo, huko Texas, daktari Richard Guyer alimfanyia upasuaji wa nne. Huu haukuwa wa kukwangua kipande cha diski kama ule wa mara tatu za kwanza. Diski ya chini kabisa, iliyo kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa nyuma wa fupanyonga, ilikuwa imekwisha. Daktari aliingilia tumboni, akaiondoa diski yote, akaweka kipandikizi kurudisha kimo kilichopotea, na kuzifunga pingili hizo mbili zije ziote pamoja ziwe mfupa mmoja. Unapofanya hivyo unauza mwendo ili ununue utulivu. Kiungo hicho hakitazunguka tena wala kuinama, lakini pia hakitaibana neva.

Novemba 2017 Woods alikuwa wa 1,199 katika orodha ya ubora duniani. Machi 2018, katika mashindano ya Valspar huko Florida, kipimo cha kasi ya fimbo yake kilisoma maili 129.2 kwa saa, sawa na kilomita 208 hivi, akiwa na uti wa mgongo uliofungwa. Septemba mwaka huo alishinda Tour Championship mjini Atlanta, na Aprili 14, 2019, akiwa na miaka 43, akaitwaa Masters kwa mara ya tano. Ukiziweka video zake kando kwa kando, za mwaka 2013 na za mwaka 2019, utaona kilichobadilika: kile kitendo cha kuchuchumaa kwa ghafla wakati wa kushuka na kujisukuma juu kwa kishindo kimepungua, anasimama wima zaidi juu ya mpira, na nyonga zinageuka zaidi wakati wa kurudi nyuma. Daktari alimwondolea maumivu. Kushinda alishinda kwa kukubali kupiga namna ambayo kiuno chake kipya kinaruhusu.

Hapa Afrika Mashariki tumewahi kuwaona kwa macho yetu wawili waliokuwa na kesi ya namna hiyo. Seve Ballesteros wa Hispania, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, aliteswa na mgongo tangu ujana. Swingi yake ilikuwa ya kuvutia kuliko zote za zama zake na pia ya kujitupa kuliko zote. Taji lake kubwa la mwisho lilikuja mwaka 1988 akiwa na miaka 31, umri ambao wengine ndio kwanza wanapamba moto. Ian Woosnam wa Wales, mfupi wa kimo na mwenye mabega ya mkulima, alishinda Kenya Open mwaka 1986 na Masters mwaka 1991. Yeye anaugua ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo, ule ambao ukiachwa huzigandisha pingili zenyewe kwa zenyewe bila daktari kuzigusa. Woosnam alipiga mbali kwa swingi fupi, tulivu, isiyo na msokoto wa ziada. Sidhani kama ni bahati.

Habari ya Woods haikuishia kwenye koti la tano. Mwishoni mwa mwaka 2020 alifanyiwa upasuaji wa tano kuondoa kipande cha diski kilichokuwa kikibana neva. Ajali ya gari ya Februari 2021 iliharibu mguu wa kulia, huo ni mkasa mwingine. Septemba 2024 kiuno kilifunguliwa tena kulegeza neva, na Oktoba 2025 alibadilishiwa diski kati ya pingili ya nne na ya tano, yaani ile iliyo juu tu ya kiungo kilichofungwa mwaka 2017. Madaktari wa mifupa wanalifahamu jambo hili: kiungo kikifungwa, mwendo wake hauyeyuki, unahamia kwa jirani. Siwezi kusema kwamba hicho ndicho kilichompata Woods, maana miaka 40 na zaidi ya kupiga mipira ingeweza kumfikisha hapo hata bila kufungwa. Ila anayedhani upasuaji ni njia ya kurudi kama zamani ajue kwamba hata mwenye fedha zote na madaktari wote bado alirudi mezani mara tatu baada ya ule uliomtibu.

Sasa turudi kwenye maegesho ya klabu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumamosi. Gari linasimama. Mwenye gari ameendesha dakika 40, na siku tano zilizopita ameketi saa tisa kwa siku. Anafunga kamba za viatu akiwa ameinama, mguu juu ya bampa. Wenzake watatu wanamsubiri kwenye tii ya kwanza na mmoja anaangalia saa. Anachomoa draiva, anaipunga hewani mara tatu kwa nguvu zake zote, na huko ndiko kupasha mwili. Kedi wake, yaani mbeba begi, anamwambia taratibu, bosi. Bosi hasikii.

Saa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Usiku tunapolala, diski hunyonya maji na kuvimba. Binadamu huamka akiwa mrefu kwa sentimita moja au zaidi kuliko alivyolala, na sehemu kubwa ya urefu huo huisha katika saa ya kwanza ya kusimama. Diski iliyojaa maji ni ngumu na inapata mkazo mkubwa zaidi mtu akiinama. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kuwa watu wenye maumivu sugu ya kiuno waliojizuia kuinama katika saa za mwanzo baada ya kuamka walipata nafuu. Mchezaji aliyeamka saa kumi na moja na nusu na kupiga draiva saa moja kasoro robo amechagua dakika mbovu kabisa za siku yake. Akiamka mapema kidogo, akatembea, akafika klabuni na kupiga mikwaju mifupi kwa aiani ndogo kwa dakika 15 kabla ya kugusa draiva, ameshaufanyia mgongo hisani kubwa kuliko mkanda wa kiuno anaouza rafiki yake.

Kuna vipimo viwili unavyoweza kujifanyia nyumbani. Keti kwenye kiti, nyayo chini, magoti yamegusana, fimbo umeilaza kifuani kwa mikono iliyopishana. Geuka kulia hadi mwisho bila kuinua tako, kisha kushoto. Ikiwa hufiki nyuzi 45, yaani katikati ya mbele na pembeni, kifua kimekaza. Halafu ukiwa umekaa hivyo hivyo kwenye kitu kirefu kidogo ili miguu ining'inie, tuliza goti la kushoto mahali pamoja na upeleke wayo wa kushoto nje, mbali na mwenzake. Fanya na wa kulia. Mguu unaosogea kidogo kuliko mwenzake ndio wenye nyonga iliyokaza. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, nyonga ya kushoto ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa mwili wote huizungukia mwishoni mwa mkwaju. Utafiti wa mwaka 2004 juu ya wachezaji wa kulipwa uliwakuta waliowahi kuugua kiuno wakiwa na upungufu wa mzunguko katika nyonga hiyo hiyo.

Ukikuta imekaza, kuna mambo mawili, na yote hayana gharama. La kwanza ni kuilegeza kwa mazoezi ya kila siku, si ya Ijumaa usiku. La pili ni kuibadili swingi ikusikilize wakati unasubiri nyonga ilegee: geuza vidole vya mguu wa mbele vielekee kidogo upande mpira unakokwenda, ruhusu kisigino kiinuke unaporudisha fimbo nyuma kama Snead, na maliza ukiwa umesimama wima, kitovu kikitazama lengo, bila kujipinda kwenda nyuma. Utapoteza mita chache. Kwa mtu wa handikapu 18, yaani mchezaji wa kawaida wa ridhaa, mita hizo hazikuwa zikimletea kombe lolote.

Na makedi je? Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa wametokea huko, wakijifunza swingi kwa kuangalia mabosi zao na kupiga mipira jioni kwa fimbo za kuazima. Begi lenye fimbo 14, mipira, maji na mwavuli lina uzito wa kilo kumi na kitu, na raundi ya mashimo 18 ni mwendo wa kilomita nane na zaidi. Kedi anayebeba raundi mbili kwa siku kwa bega moja tangu akiwa kijana anaizoesha mifupa yake kukaa upande. Mikanda miwili ya begi, ya kuvaliwa mabega yote, inauzwa na si ghali. Klabu inayonunua mashine mpya ya kukata nyasi haishindwi kuwanunulia makedi mikanda, na sijui kwa nini hoja hii haifiki kwenye mikutano mikuu.

Kwa aliyekwisha kuumia, neno la kwanza ni kutokimbilia picha na kisu. Maumivu mengi ya kiuno yanayoanza ghafla hupungua yenyewe ndani ya wiki sita kwa kutembea na kuendelea na shughuli nyepesi, na kulala kitandani siku nyingi huyachelewesha. Picha ya MRI nayo husema mengi kupita kiasi: uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2015 ulikuta kuwa kati ya watu wenye miaka 50 wasio na maumivu yoyote, takriban asilimia 80 walikuwa na diski zilizochakaa kwenye picha. Kuchakaa peke yake si ugonjwa. Mtaalamu wa fiziotherapia anayekugusa, kukupima nyonga na kukutazama ukiinama atakufaa kuliko filamu uliyoibeba kwenye bahasha.

Lakini yapo maumivu yasiyo ya gofu hata kama yalianzia uwanjani. Kiuno kinachouma zaidi usiku, pamoja na homa, jasho la usiku na kupungua uzito, kinaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo, ugonjwa ambao katika nchi zetu bado upo na unatibika kwa dawa ukigunduliwa mapema. Na ikiwa mguu unaanza kukosa nguvu hadi wayo unaburuzika, au umepata ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, au mkojo na haja kubwa havikutii, neva zako zinabanwa vibaya na kila saa ina maana. Usisubiri Jumatatu, usimtafute mkandaji, usimalizie mashimo yaliyobaki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.